Nina Three ya 14, mbona mfumo unasema sina sifa?

Shikamoo Mwalimu,

Naomba usilitaje jina langu. Mimi ni binti wa miaka 20, naishi na wazazi wangu Muheza, mkoa wa Tanga. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya PCB. Matokeo yalipotoka Julai nilikuwa na Fizikia E, Kemia E na Baiolojia D. Daraja la tatu, pointi 14.

Baba ni fundi seremala, na hana kawaida ya kufunga karakana kabla ya magharibi. Siku ile alifunga saa tisa, akaja na jogoo kamshika miguu, akamwambia mama, "Leo tunakula kwa heshima ya huyu." Majirani wakaja. Kila aliyeingia baba alimwambia, "Three ya 14, PCB, sio mchezo."

Nikaanza kuomba vyuo vikuu. Chuo cha kwanza niliomba uuguzi, mfumo ukanijibu sina sifa. Nikadhani nimekosea namba ya mtihani, nikaingiza upya, jibu likawa lile lile. Cha pili famasia, hivyo hivyo. Cha tatu nikajishusha nikaomba ualimu wa sayansi, nao ukanikatalia. Ada za maombi zimekwenda na nimebaki nashangaa: kama nimefaulu, sifa ninayokosa ni ipi?

Mama nimemwambia ukweli, anataka nirisiti, yaani nirudie mtihani. Baba sijamwambia. Kila jioni akikaa kuvua viatu ananiuliza, "Vyuo vimejibu?" Namwambia mfumo uko taratibu. Hii ni wiki ya tano. Wakati huo huo ananitengenezea sanduku la mninga la kwenda nalo chuoni. Jana kalipiga vanishi. Nikilipita pale ukumbini nageuza uso.

Mjomba wangu anasema ana mtu wake Dar es Salaam, tukimpa 800,000 jina langu litatoka awamu ya pili. Nimefikiria pia diploma, lakini mwaka juzi jirani alipompeleka mwanawe diploma, nilimsikia baba akisema hiyo ni njia ya waliofeli.

Mwalimu, mimi sio mzembe. Kidato cha nne nilipata daraja la pili, pointi 20: Baiolojia B, Kiswahili B, Kemia C, Fizikia C, Kiingereza C, Jiografia C, Hisabati D. Kidato cha tano tulikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa Fizikia. Praktiko ya Kemia tulikuwa watu wanane kwenye bureti moja, ule mrija wa kupimia asidi, na wavulana ndio waliokuwa wanaishika. Kwenye mtihani nilipima mara tatu, vipimo vikatakiwa vikaribiane, mimi nikapata 26.10, halafu 23.40, halafu 24.80. Nilijua pale pale kuwa nimeharibu.

Ninachokipenda hasa ni maabara. Tuliwahi kupelekwa hospitali, mtaalamu akatuonyesha vijidudu vya malaria kwenye hadubini. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Nimefaulu au nimefeli? Nirisiti, niende diploma, au nimsikilize mjomba? Na baba nimwambieje?

Binti wa Seremala, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Umefaulu. Baba yako hakukosea kumchinja yule jogoo. Ila umefaulu kwa hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani, na chuo kikuu kina hesabu yake nyingine, na kila mwaka matokeo yakitoka hesabu hizi mbili zinagombanisha watu na watoto wao.

Kwa NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Wanajumlisha masomo matatu ya kombi, na aliyepata jumla ndogo ndiye aliyefanya vizuri. D yako ni 4, E zako mbili ni 5 na 5. Jumla 14. Daraja la tatu linaanzia 13 linaishia 17, kwa hiyo umo, tena kwenye nafasi nzuri tu.

TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanageuza juu chini. Kwao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Anayetoka kidato cha sita kuingia digrii moja kwa moja lazima awe na prinsipo mbili, yaani kuanzia A mpaka E, kwenye masomo ambayo kozi inayataka, na mbili hizo zikijumlishwa zifike 4.0. Sasa chukua masomo yako mawili bora. Baiolojia D, 2. Kemia E, 1. Jumla 3. Umepungukiwa pointi moja. E moja ingekuwa D, leo ungekuwa unaniandikia kuuliza habari za mkopo.

Tena kuna jambo litakalokuuma zaidi, lakini ni bora ulijue ili uache kujilaumu kwa kosa lisilokuwepo. Mwanafunzi wa kombi yako aliyepata C, E na F ana Three ya 15. Kwa NECTA yuko nyuma yako. Kwa TCU ana 3 na 1, jumla 4.0, na kama C na E hizo ni za masomo yanayotakiwa, mfumo uliokukatalia wewe yeye utampokea. Nimeona wazazi wakiwatuhumu watoto kuwa wameficha kitu, kisa mtoto wa jirani mwenye matokeo "mabaya zaidi" kachaguliwa. Hakuna kilichofichwa. Herufi zako zimesambaa sawasawa, na TCU wanapenda zirundikane kwenye masomo mawili.

Hiyo 4.0 ndicho kiwango cha chini cha kuingia digrii kwa wenye cheti cha kidato cha sita kama wewe, iwe uuguzi, iwe ualimu, iwe kilimo. Kozi inaweza kudai zaidi ya hapo, haiwezi kudai pungufu. Ndiyo maana kujishusha kwenye ualimu hakukusaidia. Na usikae kungoja awamu ya pili au ya tatu ukidhani masharti yatalegezwa. Awamu zinazofuata ni za kujaza nafasi zilizobaki, kwa masharti yale yale. Acha kulipia maombi ya digrii mwaka huu.

Mtu wa mjomba nimwondoe haraka. Ulipoingiza namba yako ya mtihani, mfumo wa chuo ulivuta matokeo kutoka NECTA. Hayakuandikwa na karani ambaye mtu anaweza kwenda kuzungumza naye pembeni. Halafu majina ya waliochaguliwa yanapelekwa TCU kuhakikiwa kabla hayajathibitishwa. Huyo kishoka atapita wapi? Atapokea 800,000, awamu ya pili itatoka bila jina lako, atasema "subirini ya tatu", kisha simu itakuwa haipatikani. Mjomba simsemi vibaya, naye kauziwa mbuzi kwenye gunia. Ila hela hiyo kama ipo kweli, msiiguse, nitawaambia ya kuifanyia kazi. Na akija mwingine na habari za chuo cha nje kinachopokea "matokeo yoyote", mwulize kwanza kama cheti hicho TCU watakitambua ukirudi nacho.

Sasa mama na kurisiti. Mama yako hajakosea, kurisiti ni njia halali na imewatoa wengi. Nimefundisha Kemia miaka mingi na nimewaona wa aina mbili. Msichana mmoja alifanya mtihani na malaria, kati ya karatasi na karatasi anatundikiwa dripu. Alirisiti mwaka uliofuata, akapata alichostahili tangu mwanzo. Kijana mwingine alirisiti mara tatu akiutafuta udaktari. Mara ya kwanza alipanda herufi moja, mara ya pili akashuka, ya tatu akarudi alipoanzia. Akili alikuwa nazo. Tatizo ni kwamba kila mwaka alisoma vile vile, kwa daftari zile zile, chumbani kwake. Kilichomwangusha mara ya kwanza kilikuwa bado kipo chumbani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kilichokuangusha kimeondoka? Kwa maelezo yako mwenyewe, uliangushwa na kukosa mwalimu wa Fizikia na kukosa kushika vifaa. Ukikaa Muheza kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwalimu huyo utampata wapi, na maabara ya nani? Fizikia, Kemia na Baiolojia zote zina praktiko, huwezi kuzisoma kwa vitini vya kudurufu peke yake. Kama familia ina uwezo wa kukuweka mjini Tanga kwenye kituo chenye maabara inayofunguliwa, sio ile yenye kufuli lenye kutu, hapo ningekuwa na maneno mengine. Na kama mtaamua hivyo, kimbilieni usajili sasa hivi. Huwa unaanza Julai, na ukichelewa unalipa faini. Mtihani ni Mei, matokeo Julai. Ni mwaka mzima kwa ajili ya pointi moja, na pointi hiyo hakuna anayekuahidi.

Ipo njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui: programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Inampokea mwenye angalau pointi 1.5 kwenye masomo mawili ya kidato cha sita, na wewe una 3. Ukimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 kwenye masomo sita ya msingi, pamoja na C kwenye masomo matatu ya mkondo wako, sanaa, sayansi au biashara, unaruhusiwa kuomba digrii. Ungeniambia unataka biashara au masomo ya sanaa ningekwambia nenda huko kesho asubuhi. Kwa mtu wa afya nasita, kwa sababu lazima uangalie kozi moja moja kama inawapokea wa njia hiyo, na mikono yako itakuwa bado haijashika vifaa.

Ushauri wangu ni diploma, na kwako mimi sioni kuwa ni kurudi nyuma.

Nenda kabatini ukatoe cheti cha kidato cha nne. Tangu Julai umeshika karatasi isiyohusika. Kozi nyingi za diploma za afya zinaangalia hasa kidato cha nne: wanataka ufaulu wa kuanzia D kwenye Kemia, Baiolojia na Fizikia, na baadhi wanaongeza Hisabati na Kiingereza. Wewe Baiolojia una B, Kemia C, Fizikia C, Kiingereza C. Hata ile D ya Hisabati, ambayo naona uliiandika mwisho kama mtu anayeificha nyuma ya mlango, inaingia hesabuni. Maabara ya tiba unaomba ukiwa umesimama wima.

Chagua chuo kwa kutumia mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, sio bango la barabarani. Hakikisha chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeandikwa humo, maana chuo kinaweza kuwa halali na kozi yake moja isiwe halali. Uliza gharama yote kwa mkupuo: ada, malazi, sare, mitihani, mafunzo kwa vitendo hospitalini. Vyuo vingine vinataja ada tu, vingine vyote mnavikuta ndani. Ukikuta dirisha limefungwa, vipo vyuo vyenye udahili wa Machi, uliza kama kozi yako imo. Hapa ndipo ile hela ya mjomba ingefaa.

Mkopo nao umeanza kufika huku. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo, HESLB, inakopesha wanafunzi wa diploma kwenye fani za kipaumbele, na afya imo. Soma orodha ya mwaka huu uone kama kozi yako ipo. Wiki hii, bila kungoja chuo, peleka cheti chako cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kila mwaka kuna watoto wanaokosa mkopo wakiwa na shida ya kweli, kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

Nisikudanganye, kuna kitakachokuchoma. Diploma nyingi za afya ni miaka mitatu, na darasani utakaa na waliotoka kidato cha nne mwaka jana. Wewe ni dada mtu kati yao, na wiki ya kwanza utajiona umepotea. Halafu mtaingia kwenye kemia ya damu, wenzako wataanza kusikia maneno ambayo wewe umeyasikia miaka miwili. Hapo ndipo kidato cha sita chako kitaanza kukulipa.

Kutoka diploma kwenda digrii, TCU wanataka GPA ya 3.0 na kuendelea, pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Kwenye mwongozo wa udahili wanawaita "wenye sifa linganishi", na wana kitabu chao peke yao, usisome kile cha kidato cha sita ukachanganyikiwa tena. Lakini 3.0 ni ya kukuruhusu kuomba tu. Kozi za maabara Muhimbili, Bugando au KCMC zina ushindani, na kozi nyingine za afya zinadai GPA ya juu zaidi. Lenga 4.0. Diploma inahesabiwa mpaka 5, na kwenye mwaka wa mwisho B moja ni 3 tu, kwa hiyo mwenye B tupu anagota pale pale kwenye 3.0. Wanaonikera ni wale wanaoingia diploma kwa huzuni, wanaichukulia kama adhabu, wanatoka na 2.4, halafu wanagundua kuwa mlango waliodhani uko wazi wamejifungia wenyewe.

Na hata digrii ikichelewa, utakuwa na taaluma. Ukishasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya unaweza kukaa mbele ya hadubini hiyo uliyoipenda ukalipwa, huku unajipanga.

Baba. Mwambie leo, baada ya kula, mjomba asiwepo. Mama awepo, kwa sababu kama anajua kabla ya baba, baba ataligundua hilo siku moja, na litamuuma kuliko E zako. Usianze na diploma. Anza kwa kuungama uongo wako: "Baba, wiki tano nimekwambia mfumo uko taratibu. Haukuwa taratibu, ulishanijibu." Nyamaza, mwache aseme atakayosema. Akifoka, mwache afoke. Kisha mwombe penseli ya seremala na kipande cha mbao, umwandikie hesabu zote mbili: 4, 5 na 5 kwa NECTA, 2 na 1 kwa TCU. Baba yako anaishi kwa vipimo. Mlango ukipungua nusu inchi haufungi, hata ungekuwa wa mninga, na fundi haitwi mbumbumbu kwa sababu hiyo, anaongeza ubao. Ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Baada ya hapo ndipo umwekee cheti cha kidato cha nne mbele yake na orodha ya vyuo vitatu ulivyokwisha kuvichagua, na gharama zake. Usiende mikono mitupu. Lile neno lake kuhusu mtoto wa jirani usilirudishe, hata akikukasirisha. Mwachie alisahau mwenyewe.

Sanduku litakwenda. Mabweni ya diploma nayo yana wezi.

Sasa zile namba zako, 26.10, 23.40, 24.80. Nilipozisoma nilicheka kidogo, unisamehe, ni za kila mwaka. Ile ya kwanza haihesabiwi, ni ya kubahatisha, hata hivyo ilikuwa kubwa mno. Nadhani chini ya koki kulikuwa na hewa, ikatoka, asidi ikajaza nafasi yake, nawe ukaihesabu kama asidi iliyotumika. Ya pili ilishuka kwa sababu faneli uliiacha juu ya bureti, ikadondosha matone yake ndani wakati wewe unashughulika na rangi chini. Suuza bureti kwa myeyusho ule ule utakaoujaza, fungua koki mpaka hewa iishe, toa faneli, halafu shusha jicho lako lilingane na sehemu ya chini ya mkunjo wa kimiminika. Hukuharibu kwa ujinga. Bureti hukuishika, na chuoni, akisimama mvulana mbele yako, mwambie asogee.